"Shauri yako": namna ya kumwonya mtu bila kumtukana

Maswali ni yaleyale kila mara. Anayejifunza Kiswahili anauliza kama "shauri yako" ni tusi. Kijana aliyekulia Toronto au Muscat, ambaye Kiswahili chake ni cha jikoni kwa mama, anauliza kama anaweza kumwambia hivyo baba mkwe. Anayetafsiri maneno ya filamu haelewi kwa nini kamusi inamwambia habari za mawaidha, na huku mtu kwenye picha amekunja ndita. Mpenda sarufi naye ana lake: mbona si "shauri lako"?

Shika hili kabla ya yote: "shauri yako" hufunga onyo. Umemwambia mtu hatari iko wapi, amekusikia, amekataa. Ndipo unamkabidhi mzigo wake na kuondoa mkono wako. Ukilitamka bila onyo, umemwambia tu kwamba humjali. Ugomvi mwingi unaoletwa na maneno haya mawili huanzia hapo, na si kwenye maneno yenyewe.

Uwe na nini kabla ya kuanza

Hakikisha una vitu hivi vinne. Kikikosekana kimoja, tafuta neno jingine.

- Sababu unayoweza kuitaja kwa sentensi moja. "Sakafu ina maji" ni sababu. "Mimi sipendi" si sababu.
- Mtu wa rika lako, au mdogo wako, au mtani wako.
- Matokeo yatakayomwangukia yeye mwenyewe. Yakikuangukia na wewe, hilo tayari ni shauri lenu wote.
- Hatari ndogo: kuchelewa, kulowa, kula chakula kilichopoa, kupoteza shilingi mia tano. Hatari ikiwa kubwa, neno hili halifai kabisa.

Sarufi kidogo, ya kutosha tu

Kuna maneno matatu yanayochanganywa, yote ya ukoo mmoja wenye asili ya Kiarabu, ukoo uleule wa mshauri na mashauriano.

"Ushauri wako" ni mawaidha unayotoa. Mtu akikuambia "nashukuru kwa ushauri wako", amekusifu.

"Shauri lako" ni jambo lako, mpango wako, au kesi yako. Karani wa mahakama anaposema "shauri lako litatajwa tarehe 14", hakutishi, anakupa tarehe. Wingi wake ni mashauri.

"Shauri yako" ndiyo tunayoishughulikia hapa. Neno shauri kwa kawaida huchukua "la", lakini katika msemo huu limegandana na "ya" na kubaki hivyo. Msemo haunyambuliki ovyo. Unabadilisha mwenye mzigo tu: shauri yako, shauri yenu, shauri yake, shauri yao. Utawasikia pia watu wakisema "shauri lako" kwa maana ileile ya kuonya, hasa wanaopenda upatanisho uliokaa sawa, na mtaani utasikia "shauri zako" na "shauri zenu". Usimsahihishe mtu katikati ya ugomvi.

Kuna na ndugu yake mmoja mpole, "shauri ya Mungu", unaosemwa pale ambapo hakuna wa kulaumiwa: mvua imeharibu sherehe, ng'ombe amekufa bila ugonjwa kujulikana. Wakati wa utawala wa Wajerumani, neno shauri liliingia hadi kwenye maandishi yao, likiandikwa "Schauri", kwa maana ya kikao ambacho mkuu wa wilaya alisikiliza malalamiko ya watu. Kwa hiyo neno hili limezoea mambo yenye pande mbili zinazovutana.

Hatua kwa hatua

1. Pima hatari.

Jiulize: akikaidi, baya kabisa litakalompata ni lipi? Likiwa ni aibu, usumbufu au hasara ndogo, endelea na hatua ya 2. Likiwa ni kuungua, kugongwa, kuzama au kupigwa na umeme, achana na msemo huu na utumie amri fupi. Mtoto anayenyoosha mkono kwenye sufuria la mafuta ya maandazi haambiwi "shauri yako". Anaambiwa "Toka!" na anavutwa.

Pima pia mzigo utamwangukia nani. Dereva anakimbiza basi kwenye mteremko, na wewe umo ndani. Ukimwambia "shauri yako", umesema jambo lisilo na maana, kwa sababu likipinduka mmepinduka wote. Sema: "Dereva, punguza mwendo, humu tuna watoto." Vivyo hivyo kwa mnaokaa chumba kimoja: Luku, mita ya umeme wa kulipia kabla, inasoma uniti mbili, mwenzako anataka kupiga pasi shati tatu. Hiyo si shauri yake. "Ukiwasha pasi sasa, usiku tunalala giza sote" ndiyo sentensi inayofaa.

2. Mtazame unayemwambia.

Hapa ndipo wanaojifunza wanapoteleza zaidi, kwa sababu kamusi haiwaambii umri wa msikilizaji.

Mtu unayempa shikamoo humwambii "shauri yako". Si mama, si baba, si shangazi, si mwalimu wako, si jirani mzee aliyekuja kuazima jembe. Hata kama unasema kweli tupu, kwake itasikika kwamba umemvua heshima. Badala yake mpe sababu, kisha umwachie uamuzi kwa maneno yenye adabu:

"Mama, naomba usichukie, ila barabara ya huko imekatika. Mimi mwanao naona bora tusubiri kesho."

"Mzee, mimi nimesema ninavyojua. Uamuzi ni wako."

"Baba, tahadhari, hapo pana utelezi."

Angalia kitu kimoja katika mifano hiyo: jina la heshima linatangulia. Ukilianza onyo kwa "mama" au "mzee", umeshapunguza ukali nusu kabla hujafika kwenye jambo lenyewe.

Utani una sheria zake. Bibi na mjukuu ni watani karibu kila mahali Afrika Mashariki, kwa hiyo mjukuu anaweza kumwambia bibi yake, "Shauri yako bibi, chai ikipoa mimi sipashi tena," na bibi akacheka. Neno hilohilo likitoka kwa mkwe, kikao kimevunjika. Kati ya makabila yenye utani wa jadi, kama Wachaga na Wapare au Wahehe na Wangoni, maneno makali zaidi ya haya hupita bila mtu kununa. Lakini lazima uwe na hakika kwamba utani upo, na kwamba mwenzako anaujua. Kijana wa mjini aliyezaliwa kabila fulani huenda hajui kabisa ana watani gani.

Wanandoa: ndani ya nyumba, wenyewe wawili, "shauri yako" yaweza kuwa mchezo. Mbele ya wageni au mawifi huwa aibu. Subirini waondoke.

Fundi na mteja ni mfano unaostahili kutazamwa kwa karibu. Mteja ameleta simu yenye betri iliyovimba, anataka ibadilishwe kioo tu. Fundi anajua kioo kipya kitanyanyuliwa na betri ileile ndani ya muda mfupi. Akisema "shauri yako", mteja anaondoka na fedha zake na kwenda kumtangaza vibaya kwenye duka la pili. Fundi mzoefu husema hivi: "Bosi, betri hii imevimba, ndiyo iliyosukuma kioo cha kwanza. Nikifunga kipya juu yake kitanyanyuka tena. Ukitaka nifunge nitafunga, ila kikinyanyuka itakuwa juu yako." Maana ni ileile, mzigo umekabidhiwa uleule. Lakini "itakuwa juu yako" ni lugha ya makubaliano, na mteja anabaki na heshima yake.

3. Toa onyo kwanza, pamoja na sababu.

Kuna miundo minne inayotosha kwa karibu kila hali. Ijifunze kwa moyo.

Ukiwa na jambo litakalotokea: *uki-*. "Ukiacha nguo nje, zitanyeshewa."

Ukiwa na jambo asilofanya: *usipo-*. "Usipokula sasa, sufuria linaoshwa." Kosa la kawaida ni kusema "usipokuli". Irabu ya mwisho haibadiliki hapa, inabaki *a*.

Ukiwa na hatari iliyo mbele yake sasa hivi: *angalia usi-*. "Angalia usianguke." Hapa irabu hubadilika na kuwa *e*, na wengi huikosa: "angalia usianguka" ni kosa linalosikika mara moja.

Ukitaka kuweka ushahidi kwamba umeonya: *usije uka-*. "Usije ukasema sikukwambia." Muundo huu hutumika sana na wazazi, na hukaa vizuri sana mbele ya "shauri yako".

Sababu iwe fupi na iwe ya kuonekana. Mtoto amepanda mpapai. "Shuka, utaanguka" ni onyo, lakini mtoto anasikia kelele tu, kwa sababu jana alipanda mwembe na hakuanguka. "Shuka, mpapai ni mlaini, ndani una uwazi, hukatika ghafla" ni onyo lenye kitu cha kushika. Anaweza hata kuubonyeza mti kwa kidole akaona.

4. Subiri jibu.

Pumzi moja inatosha. Akitii, kazi imekwisha na "shauri yako" haihitajiki. Akisema "najua", "niache", "we naye", au akinyamaza na kuendelea, nenda hatua ya 5.

Wanaoruka hatua hii ndio wanaoitwa wakali bila sababu. Wamepanga onyo na kufuli lake katika sentensi moja, wakafunga mlango kabla mtu hajapita.

Kuna hali moja inayoruhusu kuruka: mtoto mdogo, hatari ndogo, sauti ya upendo. "Shauri yako, utaanguka!" Hapo msemo umetangulia na onyo limefuata nyuma yake, vyote kwa pumzi moja, na maana yake ni "angalia" tu. Mama wengi wa Kiswahili husema hivyo. Tofauti iko kwenye sauti, na hatua inayofuata ndiyo inayoishughulikia.

5. Tamka.

Sha-u-ri ni silabi tatu. *A* na *u* hazigandani. Mkazo uko kwenye *u*, kisha kwenye *ya*: sha-U-ri YA-ko. Katika mazungumzo ya haraka utasikia kitu kama "shauriako". Ukiwa mgeni wa lugha usiikate hivyo, iseme yote.

Sauti ndiyo inayoamua uzito:

Ukivuta *ya* na kuinamisha kichwa kidogo, "shauri yaaako", umeonya kwa mchezo. Hii ndiyo ya watoto, marafiki na wapenzi.

Ukianza na "Ohoo", umeonyesha kwamba unayaona matokeo yanakuja na yeye hayaoni. "Ohoo, shauri yako, basi la mwisho ni saa mbili." Bado ni nyepesi.

Ukianza na "Haya" au "Basi" kwa sauti ya kushuka, umejitoa. "Haya. Shauri yako." Hii ina ubaridi, na mtu mzima ataisikia hivyo hata kama hukukusudia.

Ukiisema mfululizo, mara tatu, sauti ikipanda, hapo huonyi tena kwa upole. Umeshagombana.

Onyo: usisonye. Msonyo, hata mdogo, hugeuza neno lolote kuwa dharau. "Shauri yako" yenye msonyo nyuma yake ni tusi kamili Mombasa, Unguja, Dar es Salaam na Nairobi, na hakuna maelezo yatakayokuokoa. Kukung'uta viganja viwili kama anayetoa vumbi ni nusu ya njia kuelekea hukohuko. Kati ya marafiki ni sawa, kwa mtu usiyemjua acha.

6. Nyamaza.

Umeshakabidhi. Ukiendelea kuhubiri baada ya "shauri yako", umelifuta neno lako mwenyewe, maana kumbe bado mzigo umeushika. Rudi kwenye kazi yako.

7. Likimpata, anza na pole.

Amelowa, amechelewa, amechunika goti. Neno la kwanza ni "pole". Baada ya pole, na ikiwa kweli huwezi kujizuia, unaruhusiwa "si nilikwambia?" mara moja. Kuanza na "si nilikwambia" kabla ya pole ni ukosefu wa utu machoni pa Waswahili wengi, na mtoto aliyelelewa hivyo hujifunza kuficha majeraha.

Ukihitaji neno jepesi zaidi au zito zaidi

Yapange kichwani kwa uzito, kutoka laini hadi kali.

"Hiari yako" na "upendavyo" hazina ukali wowote. Zitumie mtu anapochagua kati ya chai na kahawa. Bara, utasikia baadhi ya watu wakisema "shauri yako" hata hapo, kwa maana ya "chagua wewe", na hawana ubaya. Ila mtu wa pwani anaweza kushtuka, kwa hiyo kwa mgeni wako sema "upendavyo".

"Kazi kwako" humwachia mtu jukumu kwa kumtia moyo kidogo. Hufaa mwisho wa maelekezo.

"Ala!" ni mshangao wenye lawama ndani: umemkuta mtoto anachora ukuta. "Ebo!" ni jirani yake mkali zaidi, lenye kukosa subira na harufu ya dharau. Ala unaweza kulisema kwa rafiki. Ebo lina mkubwa na mdogo ndani yake, na siku hizi husikika zaidi kwa wazee na kwenye tamthilia.

"We!" fupi ni kumzuia mtu papo hapo. "Weee!" ndefu, ikishuka, ni onyo la mzazi anayekuona kutoka dirishani.

Hapo katikati ndipo inapokaa "shauri yako".

Juu yake kuna "utajijua mwenyewe", ambayo vijana wa Dar es Salaam wameifupisha kuwa "utajiju". Inafanana na "shauri yako" lakini imetolewa huruma. Kuna pia "utajua hujui", inayotabiri kwamba mtu ataumbuka. Hizi ni za kijiweni. Usiziandike kwenye barua ya kazi.

"Ole wako" ni ngazi nyingine kabisa. Neno ole unalikuta kwenye Biblia na kwenye tafsiri za Qurani, kwa maana ya adhabu na maangamizi, na uzito huo halijauacha. Mzazi akisema "ole wako ukirudi umechelewa", yeye mwenyewe ndiye atakayeadhibu. Hii ndiyo tofauti unayopaswa kuikumbuka: katika "shauri yako" msemaji anajitoa, na matokeo yatakuja yenyewe, katika "ole wako" msemaji mara nyingi ndiye matokeo. Upatanisho wake ni wa *w*: ole wangu, ole wako, ole wake, ole wenu, ole wao. "Ole yako" hakuna.

"Utakiona cha mtema kuni" ni tishio wazi. Tumeshatoka kwenye upole.

Kwa wazee wanaoonya, njia inayopendwa ni methali, kwa sababu methali haimlengi mtu usoni. "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu." "Mkaidi hafaidi hadi siku ya Idi." Ukiwa kijana usimrushie mzee methali hizi, zinatelemka kutoka juu, hazipandi.

Ukiandika au kutafsiri

Anayesimulia anahitaji kitenzi sahihi. *Kuonya* ni kueleza hatari kabla haijafika. *Kukanya* ni kumzuia mtu na tabia mbaya. *Kukemea* kuna sauti na kuna msimamo: watu hukemea rushwa, na mhubiri hukemea pepo. *Kukaripia* ni kwa mkubwa anayesema kwa ukali na mdogo anayenyamaza. *Kufoka* ni hasira tu. Aliyesema "shauri yako" kwa upole ameonya. Usimwandikie kwamba "alifoka". Ofisini, onyo na karipio ni adhabu zinazoweza kuingia kwenye faili la mtumishi, kwa hiyo katika habari ya kazini usiandike "alipewa karipio" kama bosi alinung'unika tu.

Bango la hadharani halitumii "shauri yako". Pakiti ya dawa huandikwa "Tahadhari". Nguzo ya umeme huandikwa "Hatari". Mahali pa kuegesha magari huandikwa "Uongozi hautahusika na upotevu wowote wa mali". Ukiweka "shauri yako" kwenye bango, wateja watapiga picha na kucheka.

Iandike maneno mawili, alama ya mshangao moja au hakuna kabisa. Ukitegemea programu ya kutafsiri, kagua: mara nyingine huona shauri ikaleta maana ya mawaidha, na mhusika mkali wa filamu anageuka mnasihi.

Yakienda kombo

*Amenuna.* Kwa kawaida sababu ni moja kati ya tatu: hukutoa onyo kabla, ulisema mbele ya watu, au amekuzidi umri. Usijitetee kwa kamusi. Sema: "Samahani, ulimi umeteleza. Nilichotaka kusema ni kwamba..." kisha utoe ile sababu uliyoiruka. Kwa aliyekuzidi umri ongeza "nisamehe, mama" au "nisamehe, mzee", na usicheke unaposema.

*Amecheka na kuendelea.* Sauti yako ilikuwa ya mchezo kuliko jambo lenyewe. Rudia sababu peke yake, bila msemo, kwa sauti ya kawaida. Msemo ukirudiwa hupoteza nguvu, lakini sababu huongeza.

*Ujumbe wa simu umesomwa vibaya.* Maandishi hayana ile *ya* ya kuvutwa, kwa hiyo "Shauri yako." yenye nukta kwenye WhatsApp husomwa kwa sauti ya baridi kuliko zote. Weka mwito na sababu: "Kaka, njoo mapema, pilau likiisha shauri yako." Chakula kikitajwa, karibu kila onyo hulainika.

*Wewe ndiye uliyeambiwa.* Ametamka rafiki: jibu "haya, nimesikia" au, kwa utani, "shauri yangu". Ametamka mkubwa: "Nimesikia, baba," kisha fikiria upya, maana mkubwa kwa kawaida hafiki kwenye neno hili kabla hajaona kitu. Kujibu "shauri yako mwenyewe" ni kurudisha mpira kwa teke.

*Umeambiwa "shauri yake" juu ya mtu mwingine.* "Mwache, shauri yake" husemwa nyuma ya mhusika, na likimfikia hugeuka kuwa habari kwamba watu wamemkatia tamaa. Usilipeleke.

*Mtoto haliogopi tena.* Umelitumia kila siku kwa kila jambo, kuanzia soksi hadi kazi ya shule, na halikuwahi kufuatwa na kitu. Liache kwa wiki kadhaa, utumie sababu tupu, na pale ambapo hatari ni ndogo kweli, acha matokeo yamfikie: alale na soksi zilizolowa, akute chai imepoa.

*Mtoto analisema kwa wageni.* Amelichukua kwako, kwa sauti yako na pengine na mkono wako kiunoni. Mgeni kakataa juisi, na mtoto wa miaka minne anamwambia "shauri yako!" Usicheke, hata kama mgeni anacheka, kwa sababu kicheko kitamfanya alirudie kwa babu kesho. Mwinamie na umwambie palepale: "Kwa mgeni hatusemi hivyo. Mwambie, karibu tena." Kisha subiri mpaka aseme.